Vilima Vinavyokula Chuma

Lori la jeshi likishuka mteremko wa Shyorongi hadi bonde la Nyabugogo na kuegeshwa pembeni, fundi mzuri ana jambo lake la kwanza. Hafungui boneti. Hamuulizi dereva kitu. Analizunguka lori taratibu, na kwenye kila gurudumu anasogeza mgongo wa kiganja karibu na habu, bila kugusa, apime joto. Habu tano zina fukuto la kawaida la gari lililotoka mlimani. Ya sita inababua. Hapo ameshajua mengi: ama breki ya gurudumu hilo haiachii, ama beringi imeishiwa grisi, ama silinda ndogo ya breki imeanza kukwama kwa kutu. Spana bado ziko kwenye boksi.

Nimewatazama mafundi wa namna hii kwa muda mrefu hapa Kigali, hasa Gatsata, ambako karakana zimebanana na ambako hakukosi mzee aliyejifunza kazi akiwa amevaa sare. Kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoamini kwamba habari za magari ya vita na silaha husimuliwa kwa kuanzia pasipo. Tunaambiwa unene wa chuma, ukubwa wa mtutu, nchi iliyounda. Ni mambo ya kweli, lakini ni ya siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili gari linakuwa mali ya ardhi linayotembea, na ardhi ya Rwanda inakula chuma kwa njia zake. Anayesimama kati ya ardhi na chuma ni fundi, na sifa zangu leo ni zake.

Tuanze na kimo. Kigali iko takriban mita 1,567 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: kila silinda inapovuta pumzi inapata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ambayo ingepata Mombasa au Dar es Salaam. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na dereva mgeni hujaribu kuirudisha nguvu hiyo kwa mguu. Anakanyaga, pampu inamwaga dizeli ambayo hewa iliyopo haiwezi kuiunguza yote, moshi mweusi unatanda nyuma, joto linapanda, na vali pamoja na kichwa cha injini vinaanza kuumia. Fundi anayeijua nchi hupunguza kidogo dizeli kwenye pampu. Gari litapanda polepole zaidi, dereva atalalamika, na injini itaishi.

Kimo hicho hicho hushusha kiwango cha maji kuchemka. Chungulia kwenye sufuria iliyo wazi jikoni Kigali: maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachozuia rejeta isifanye vivyo hivyo ni kifuniko chake, ambacho kina springi ndogo inayobana maji yasipate nafasi ya kugeuka mvuke mapema. Springi hiyo ikilegea, gari la deraya lenye uzito wa tani nyingi husimama katikati ya mlima likifuka, na wote waliomo ndani wanakuwa shabaha. Kwa hiyo utamwona fundi akianza ukaguzi wa gari kubwa kwa kitu kidogo kuliko vyote, akikibonyeza kifuniko kwa kidole gumba, akisikiliza kinavyorudi.

Kupanda, hata hivyo, ni nusu ya taabu. Nusu iliyo mbaya zaidi ni kushuka. Chukua lori la tani 15 linaloshuka mita 400 za kimo, kiasi kilicho kidogo kuliko tofauti ya kilele cha Mlima Kigali na mto Nyabarongo. Nguvu yote ambayo injini iliitumia kulipandisha inapaswa kwenda mahali fulani, na dereva akiiachia breki peke yake, inageuka joto ndani ya ngoma za breki. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 170 za maji ya bomba. Hapo ndipo bitana za breki zinapoungua na kung'aa, na pedali iliyokuwa ngumu asubuhi inazama hadi sakafuni. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na hapa hatuna upungufu wa unyevu: Kigali hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Mafuta yaliyonyonya maji huchemka mapema, mapovu ya mvuke hujaa kwenye mabomba, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea.

Dereva aliyefunzwa hushuka kwa gia ile ile ambayo angepandia. Fundi anayefungua ngoma ya breki baadaye anaona kama alifanya hivyo au hakufanya. Ngoma iliyopata rangi ya bluu imepikwa. Mipasuko midogo inayofanana na nywele inaonyesha kwamba ilipikwa mara nyingi na kupozwa ghafla, pengine kwenye madimbwi ya bondeni. Bitana iliyolika upande mmoja ina habari nyingine. Kwangu mimi hapa ndipo ufundi unapofikia kimo cha elimu ya juu: mtu anashika kipande cha chuma kichafu, na kutoka humo anakueleza njia iliyopitwa, uzito uliobebwa, na tabia ya mtu aliyekuwa nyuma ya usukani.

Kisha kuna udongo. Katika miezi ya kiangazi kirefu, Juni hadi Agosti, barabara zetu za udongo mwekundu hutoa vumbi jembamba linaloelea hewani muda mrefu baada ya msafara kupita. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwazi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida. Filta ya hewa ikiwa na tundu dogo, au mpira wake ukiwa umekauka na kuacha mwanya, chembe hizo huingia kwenye silinda, huchanganyika na oili, na kuanza kusugua ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa. Injini iliyotengenezwa ifanye kazi miaka huchoka kwa wiki chache. Wahanga wa kwanza ni magari ya katikati na ya mwisho kwenye msafara, kwa sababu la mbele linavuta hewa safi na mengine yanavuta vumbi lake. Mafundi wenye akili huwaomba makamanda waongeze nafasi kati ya gari na gari, na wabadilishe mpangilio kila siku. Ni ombi la kifundi linaloingia kwenye mambo ya vita, na kamanda anayelisikiliza huwa na magari mengi zaidi yanayotembea mwisho wa mwezi.

Machi ikifika, udongo ule ule unageuka. Mfinyanzi uliolowa hushikamana na kila kitu. Unajaza nafasi kati ya tairi na bodi, unaganda kwenye rejeta na kuziba njia ya hewa, unaingia kwenye viungo vya usukani. Tairi zenye meno makubwa hujaa tope zikawa laini, na kwenye mteremko wa kijijini gari la tani kumi na kitu linaanza kuteleza taratibu, breki zikiwa zimeshikwa, magurudumu hayazunguki. Barabara nyingi za vijijini zimechongwa ubavuni mwa kilima, na kingo zake hazikujengwa kubeba deraya. Baada ya mvua kubwa, mtu mwenye busara hushuka kwenye gari na kwenda mbele kwa miguu, akichoma ardhi ya ukingoni kwa fimbo aone inazama kiasi gani.

Mabondeni kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Gari lililotembea saa mbili mlimani lina difu yenye oili ya moto. Likiingia ghafla kwenye maji baridi ya kinamasi, hewa iliyo ndani ya difu inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kipumulio. Gari linavuka salama, watu wanashangilia, na kwa siku kadhaa hakuna anayejua kwamba gia zinasagana ndani ya mchanganyiko wa maji na oili. Fundi aliyekomaa hasubiri kelele. Jioni ya siku ya kuvuka anafungua boliti ya chini, anaacha matone machache yaanguke kiganjani, anayatazama kwenye mwanga. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, oili yote inamwagwa usiku huo huo.

Kaskazini, kuelekea Musanze na Rubavu, ardhi inabadilika tena. Huko ni miamba ya volkano, mawe meusi yenye ncha yanayochana mbavu za tairi badala ya uso wake. Tairi iliyochanika ubavuni haizibiki. Nchi yetu ni ndogo, gari linaweza kuvuka kutoka nyika kavu ya Gabiro mashariki hadi miamba ya Virunga kwa siku moja, na katika siku hiyo likapambana na adui watatu au wanne wa chuma wasiofanana.

Ndiyo maana huku magurudumu yanashinda minyororo. Kifaru kina nguvu, lakini mnyororo wake una pini nyingi, kila pini inasagika kwenye vumbi, na mlima unaivuta kwa nguvu zote. Gari la minyororo likitembezwa safari ndefu kwa nguvu zake lenyewe, linafika likiwa limechoka kabla ya kazi kuanza. Deraya ya magurudumu kama Ratel ya Afrika Kusini, iliyobuniwa kwa nyika za kusini mwa bara na ambayo Rwanda nayo inaimiliki, inakwenda mbali na kutengenezeka kwa zana ambazo karakana ya kawaida inazo.

Mwaka 1994 ulitufundisha habari ya magari yasiyo na mafundi, na tulilipa ada kubwa mno. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Kigali chini ya Jenerali Roméo Dallaire kilitarajia deraya 22. Kilipata nane, aina ya BTR, kutoka kwenye operesheni ya umoja huo iliyokuwa ikiendelea Msumbiji, na katika hizo ni tano tu zilizokuwa zikitembea. BTR-80 ni gari la sifa zake: magurudumu manane, na mtambo unaomruhusu dereva kupunguza na kuongeza upepo wa tairi akiwa safarini, jambo la thamani kubwa kwenye tope. Lakini mtambo huo una mabomba, sili na vali, na kila kimojawapo kinahitaji mtu anayekijua. Bila vipuri, bila vitabu vinavyosomeka, bila fundi mzoefu wa aina hiyo, gari lililotengenezwa livuke mito lilikuwa chuma kilichoegeshwa.

Baadaye, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea, Marekani iliukodisha Umoja wa Mataifa deraya 50 za M113. Majadiliano ya gharama na usafirishaji yalichukua wiki nyingi. Zilipofika Entebbe mwishoni mwa Juni zilikuwa zimenyofolewa redio na bunduki za rashasha. M113 ni gari la minyororo, na kutoka Entebbe hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 500 za milima. Zilihitaji kubebwa juu ya malori. Kigali ilikombolewa tarehe 4 Julai. Siwezi kuandika habari hii kwa utulivu. Naitaja kwa sababu wapo wanaofikiri kazi ya fundi, vipuri na usafiri ni mambo ya nyuma ya pazia, ya kushughulikiwa baada ya maamuzi makubwa.

Jeshi la RPA, lililoikomboa Kigali, lilikuwa limepigana tangu 1990 karibu lote kwa miguu. Baada ya kuanza kwa vita tarehe 1 Oktoba 1990 na kuuawa kwa kamanda wake, Fred Rwigema, siku iliyofuata, na baada ya kushindwa kwenye nyika za Mutara, Paul Kagame aliwapeleka wapiganaji kwenye milima ya Virunga, kwenye misitu ya mianzi yenye ukungu na baridi iliyoua baadhi yao. Kutoka huko waliishambulia Ruhengeri Januari 1991. Hakuna lori linalofika maeneo hayo. Kila kilichopigana kilibebwa begani, na ufundi uliohitajika ulikuwa ufundi wa silaha yenyewe.

Wengi husema AK haihitaji matunzo. Ni kauli ya watu wasioitunza. Kweli, Kalashnikov imeachiwa nafasi pana kati ya vipande vyake ili mchanga na masizi visiikwamishe, na mitutu yake mingi imepakwa kromu ndani isishike kutu. Lakini bomba la gesi na pistoni yake, springi ya magazini, na kila kona ambayo mkanda wa turubai uliolowa unagusa chuma, vyote vinashika kutu katika usiku mmoja wa ukungu. Askari aliyezoea milima anajua asiisogeze bunduki karibu na moto akitoka kwenye baridi, kwa sababu chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoka jasho ndani na nje. Anajua pia kwamba kipimo cha mafuta hutegemea majira. Wakati wa mvua anapaka kwa ukarimu. Wakati wa vumbi anafuta hadi ibaki ngozi nyembamba tu, maana mafuta mengi hukamata vumbi na kugeuka tope linalosaga. Kijana anayeambiwa tu "paka mafuta" hajafundishwa kitu.

Kilima hubadilisha hata safari ya risasi. Shabaha iliyo mita 400 mbele yako kwenye mteremko wa nyuzi 30, uwe unapiga kuelekea juu au chini, inalengwa kana kwamba iko mita 346 hivi, kwa kuwa mvuto wa dunia unahesabu umbali wa mlalo peke yake. Asiyejua hupiga juu ya shabaha pande zote mbili na kuilaumu bunduki.

Mota ndiyo silaha ya nchi yetu hasa, kwa sababu kombora lake huenda juu na kuanguka nyuma ya kilima ambako risasi haifiki. Mota ya milimita 82 hufunguliwa kuwa mtutu, kitako na miguu, watu watatu wakaibeba pamoja na wenzao wa makombora. Kazi ya kuisimamisha kwenye ubavu wa mlima inastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza wanachonga sehemu bapa kwenye mteremko. Kisha kitako kinakandamizwa ardhini, na kwenye udongo uliolowa kinawekewa magunia ya mchanga au magogo chini yake, la sivyo kila kombora linakizamisha zaidi na kuharibu shabaha. Hata hivyo makombora ya kwanza hutumika kukikalisha, na kila baada ya mlio mpiganaji anarudi kwenye kipima usawa, anatazama tone la hewa limeegemea upande gani, anageuza skrubu kwa nukta. Hewa nyepesi ya huku juu inalipeleka kombora mbali kidogo kuliko lingekwenda pwani kwa baruti ile ile, na jedwali la kupigia lisiporekebishwa kosa hilo huangukia mahali ambapo huenda pana watu.

Ukipanda juu ya jengo la Bunge, Kimihurura, ambako Jumba la Makumbusho la Kampeni Dhidi ya Mauaji ya Kimbari lilifunguliwa Desemba 2017, utakuta sanamu ya askari wakiwa na rashasha ya milimita 12.7, kumbukumbu ya wanajeshi 600 wa RPA waliofika hapo tarehe 28 Desemba 1993 na kuzingirwa zaidi ya miezi mitatu baadaye. Rashasha ya kipimo hicho aina ya DShK, iliyoenea Afrika, ina uzito wa kilo 34 bila kiti chake. Kuipandisha bunduki nzito juu ya paa ni ujasiri. Kuifanya iendelee kufyatua huku vumbi la saruji kutoka kwenye kuta zilizopigwa makombora likiimwagikia ni ujasiri wa aina nyingine, wa kitambaa, brashi na subira.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko injini katika sehemu hizi. Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa majini, ikapelekwa kwenye karakana za Dar es Salaam, na huko ikaundiwa magari ya magurudumu ili chombo cha bahari kipigane porini. Kila mzinga ulivutwa na mamia ya Waafrika, kwenye tope na mchanga. Mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa. Mwaka uliofuata safu ya Wabelgiji ya Kanali Molitor ilipita kwenye vilima hivi na kuingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, mizinga yake midogo ya mlimani ikiwa imefunguliwa vipande na kubebwa na wapagazi. Majina ya makanali tunayo. Ya waliojua ni kipande gani kitangulie mlimani na ni kamba ipi itakatika, hatuna.

Majirani zetu wa Tanzania walilipata somo lao la kinamasi huko Lukaya, Uganda, Machi 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin. Barabara ya kwenda Kampala ilipita juu ya tuta katikati ya kinamasi, na gari zito halikuwa na pa kugeukia. Ili kuuvunja ukinzani ilibidi Brigedi ya 208 izungushwe magharibi ya kinamasi, kwenye ardhi ngumu kupitika, na ilipotokea ubavuni tarehe 11 Machi mambo yaligeuka. Sioni ajabu kwamba miaka michache baada ya vita hivyo wanajeshi wa Tanzania walikaa Kibaha wakaunda lori lao wenyewe, Nyumbu. Waliokwisha kuona magari ya wageni yakifa kwenye tope la kwao walikuwa na sababu ya kujaribu.

Siku hizi fundi wa Kigali hana kilima tu cha kukijua. Wanajeshi wa Rwanda walifika Darfur Agosti 2004, na huko mchanga ulitaka kinyume cha mengi waliyozoea: tairi zipunguzwe upepo zipanuke, filta zikung'utwe mara kwa mara, betri zichungwe dhidi ya joto linalokausha maji yake. Julai 2021 wengine walikwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wakaingia Mocímboa da Praia tarehe 8 Agosti. Kule adui wa chuma ni chumvi ya bahari, inayoingia kwenye viungo vya nyaya za umeme na kuzila kimyakimya. Fundi aliyekulia kwenye tope jekundu alilazimika kujifunza kuosha gari kwa maji baridi ya kisima kila linaporudi kutoka ufukweni, na kupaka grisi mahali ambapo nyumbani hapaki.

Umoja wa Mataifa una hesabu inayonifurahisha kwa sababu inaweka kazi hii kwenye karatasi. Nchi inayopeleka magari yake kwenye operesheni za amani hulipwa kwa kukaguliwa, na katika kundi la magari yaliyokubaliwa asilimia 90 lazima yawe yanafanya kazi. Yakipungua hapo, malipo hupungua. Tena kuna nyongeza kwa ajili ya mazingira magumu ya milima, hali ya hewa na ardhi, isiyozidi asilimia 5. Ni kidogo ukilinganisha na kile ambacho ardhi inakula. Lakini angalau mahali pamoja duniani, hesabu rasmi inakiri kwamba kilima kina gharama, na kwamba mtu aliyelala chini ya lori usiku akibadilisha bushi amechangia hazina ya nchi yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaosimamia makumbusho yetu, hapa Kigali na kote Afrika Mashariki. Mmeonyesha bunduki, ramani na picha za makamanda, na mmefanya vema. Wekeni pia meza ya fundi: ngoma ya breki iliyogeuka bluu, ringi iliyosagwa na vumbi, filta iliyofanya kazi yake na ile iliyoshindwa, na maelezo ya kila kimoja ili mtoto wa shule aelewe kilichotokea.

La pili ni kwa majeshi yenyewe na vyuo vya ufundi. Maarifa haya yanaishi vichwani mwa watu wanaokaribia kustaafu. Kiswahili kimetumika kwa muda mrefu kambini na karakanani, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Waketisheni wazee hawa na vijana wenye kalamu, waandike kwa Kiswahili na Kinyarwanda vitabu vya matunzo kwa ardhi zetu: mlima, tope, vumbi, mawe ya volkano, mchanga, chumvi. Vitabu vinavyokuja na magari viliandikwa na watu wasiowahi kushuka mteremko wa Buranga mwezi wa Aprili.